Tiketi inasema masaa 7, jirani anasema 15

SWALI: Assalamu alaykum mhariri. Mwanangu anasafiri Disemba kwenda kusoma New York, ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Kwa tiketi imeandikwa kutoka 23:30 kufika 06:30, nikahesabu nikapata masaa 7 nikashukuru, sasa jirani ambaye mwanawe yuko huko aniambia ni masaa 15 angani. Tiketi yasema uongo ama? Na simu yake niingoje saa ngapi? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam mama, na hongera kwa kijana. Jirani kasema kweli na tiketi pia haikukosea, manake 23:30 ni saa ya Nairobi, saa tano na nusu usiku kwetu, lakini 06:30 ni saa ya New York, na Disemba wao wako nyuma yetu masaa 8. Yale 7 yako jumlisha 8, ndio 15 hayo. Kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba wao husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7.

Na masafa ni marefu kweli, kama kilomita 11,800 hivi. Ndege kubwa inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa, ukigawanya unapata masaa 13 na kidogo, sasa hayo mengine yanatoka wapi? Kuna muda wa kupaa na kushuka na kuzunguka uwanjani, lakini kubwa ni upepo, na hili watu wa Lamu mwalijua kuliko mtu yeyote, jahazi likishuka Mombasa wakati wa kaskazi linateleza tu, kurudi sasa ndio kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo. Huko juu pia, kilomita kama 10 angani, kuna mkondo wa upepo unatoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kwao ndio unakuwa mkali zaidi, kwahivo kijana akishavuka Sahara akatokea Moroko kuingia Atlantiki anaupiga bisho, akirudi unamsukuma. Februari 2020 ndege ya British Airways ilisukumwa na upepo huo kutoka New York ikafika London chini ya masaa 5, safari ambayo kawaida ni kama 7.

Jambo moja muhimu, ndege nyingi za kutoka Manda, uwanja wenu wa Lamu, zinatua Wilson na yake ya Marekani inaondokea JKIA (Jomo Kenyatta), viwanja viwili tofauti vya Nairobi, na foleni za Nairobi mwazijua, basi asitoke Lamu jioni ya siku hiyo, atoke asubuhi.

Simu sasa. 06:30 ya kwao ni saa nane na nusu mchana Lamu, halafu kuna foleni ya pasipoti na mabegi, kwahivo mama usikae na simu mkononi tangu alfajiri ukaumia roho bure, itarajie alasiri.