Amechangamka ghafla baada ya dawa ya sonona: amepona?

SWALI: Daktari, shikamoo. Dada yangu ana miaka 26. Miezi miwili alikuwa mtu wa kulia, hali chakula, hataki watu. Duka la dawa walimpa fluoksetini ya miligramu 20. Wiki ya tatu akachangamka: analala masaa mawili, anaongea bila kituo, amekopa hela afungue saluni tatu. Amepona, au sonona yake ni aina nyingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hajapona. Mpelekeni leo kliniki ya afya ya akili, hospitali ya mkoa, na paketi ya dawa mkononi. Dozi inayofuata isubiri daktari amwone. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa, kuruka siku moja hakumdhuru. Simu yenye hela ashike mtu mwingine.

Wengi hudhani aina ya sonona inasomeka kwenye huzuni yenyewe. Haisomeki. Sonona ya kawaida na ile ya bipola, yaani ugonjwa wa hisia kushuka hadi sonona na kupanda kupita kiasi, zina kipimo kimoja: dalili 5 kati ya 9 kwa wiki mbili, mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo. Tofauti imejificha nyuma: je, amewahi kukaa siku 7 au zaidi akiwa hivi alivyo sasa, halali na wala hachoki? Hiyo ni mania. Ikiwa nyepesi, siku 4 zinatosha kuitwa haipomania. Waulizwe pia ndugu, maana mgonjwa mwenyewe huzikumbuka siku hizo kama siku zake nzuri. Ni swali la dakika tano, na kaunta ya duka la dawa hailiulizi! Mwenye bipola akipewa dawa ya sonona peke yake, bila dawa ya kutuliza hisia, anaweza kupandishwa hadi mania.

Bado simpi jina la bipola kwa barua. Daktari ataangalia kwanza tezi ya shingo, mirungi, bangi, dawa za steroidi, na kama amejifungua karibuni. Dalili zikiendelea hata dawa ikishatoka mwilini, hapo bipola inathibitika. Mkiandikiwa valproeti, mojawapo ya dawa za kutuliza hisia, semeni kwamba ni binti wa umri wa kuzaa: dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na zipo nyingine.

Zipo pia sonona ya chinichini inayodumu miaka miwili au zaidi, na ile ya kusikia sauti, ambayo huongezewa dawa nyingine. Zote hupatikana kwa kuuliza. Hakuna kipimo cha damu kinachotaja aina ya sonona; cha tezi ni cha kuondoa shaka tu. Kwa hiyo ile mashine ya kushika mkononi, inayotoa karatasi ya "mwili mzima" kisha unauziwa makopo ya kusafisha damu, haijapima chochote cha akili. Wanaoiamini hufika kliniki wamechelewa miezi, na wengine wameshaacha dawa walizoandikiwa. Aliyekuwa kwenye lithiamu, dawa nyingine ya kutuliza hisia, akiiacha ghafla, mania hurudi upesi, na hatari ya kujiua hupanda.