Jenerali ameamuru, askari kapiga risasi: nani mwenye dhambi?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wangu. Kuna kijana mtaani kwetu hutuletea kwenye kundi letu la simu picha za majenerali wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwasifu kwa ushujaa na nidhamu. Juzi alileta ya Jenerali Friedrich-Wilhelm Müller, aliyekuwa kisiwani Krete, Ugiriki. Nilipotafuta habari zake nikakuta kwamba aliamuru vijiji vizima viangamizwe. Kijana akanijibu kuwa Wagiriki ndio walioanza kuua askari wake, kwa hiyo yeye alilipiza kisasi tu, na waliopiga risasi walikuwa wanatii amri. Nauliza kwa sababu mdogo wangu ameingia jeshini mwaka huu na jambo hili limenikaa rohoni. Je, kisasi cha namna ile kina uso katika Sharia? Askari anayetii amri ya mkubwa wake anabeba dhambi? Na kumsifu mtu kama huyu kuna ubaya?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, umefanya vizuri kutafuta habari kabla ya kubishana. Kwanza niyapange haya uliyoyakuta, maana fatwa inayotolewa juu ya jambo lisilojulikana huzaa fitina.

Müller alizaliwa Barmen mwaka 1897, akapigana Vita vya Kwanza akiwa kijana. Katika vita vya pili aliongoza kikosi upande wa Urusi, akapata nishani za juu kabisa za jeshi la Ujerumani. Mwaka 1942 alikabidhiwa Divisheni ya 22, iliyowekwa Krete. Kisiwa hicho Wajerumani walikuwa wameshakivamia tangu tarehe 20 Mei 1941 kwa askari wa miamvuli, na mauaji ya raia hayakumsubiri yeye. Jenerali Kurt Student, aliyeongoza uvamizi ule, alitoa amri ya kulipiza mara tu kisiwa kilipoanguka. Juni 2 wanaume wa kijiji cha Kondomari walipigwa risasi kwenye shamba la mizeituni, na siku ya pili yake Kandanos kikateketezwa, na kibao kikasimamishwa kutangaza kuwa kijiji hakitajengwa tena.

Müller akaja akaufanya mwendo ule kuwa ndiyo utawala wenyewe. Septemba 1943, Italia ilipokwisha kusalimu amri, wapiganaji wa msituni waliwashambulia Wajerumani karibu na Kato Symi. Yeye akaamuru vijiji vya eneo la Viannos vibomolewe, wanaume waliozidi miaka 16 wauawe, na atakayekutwa mashambani auawe bila kujali umri wala jinsia. Walikufa watu zaidi ya 500. Mwezi uliofuata divisheni yake iliteka kisiwa cha Kos, na huko maofisa wa Kiitaliano wapatao 100 waliokwisha kuwa mateka wakapigwa risasi.

Aprili 1944 maofisa wa Kiingereza pamoja na Wakrete walimteka nyara Jenerali Kreipe. Mtu waliyemkusudia tangu mwanzo alikuwa Müller, ila alikuwa amekwisha kubadilishwa na Kreipe kabla ya mtego kutegwa. Ndani ya gari waliacha barua kueleza kuwa kazi ile ni ya Waingereza, ili wanavijiji wasije wakalipizwa. Haikusaidia. Müller aliporudi kuwa mkuu wa kisiwa kizima, tarehe 13 Agosti 1944 aliamuru kijiji cha Anogeia kisawazishwe na ardhi na kila mwanamume atakayepatikana humo, au ndani ya kilomita moja kukizunguka, auawe. Moja ya sababu alizoziandika ni kwamba watekaji wa Kreipe walipitia pale. Walipitia, basi! Nyumba zaidi ya 900 zikabomolewa. Tarehe 22 mwezi huohuo ikafuata zamu ya vijiji vya Amari, watu 164.

Mwisho wake unajulikana. Aliongoza Jeshi la Nne huko Prussia Mashariki mwaka 1945, kisha akapelekwa Ugiriki, akashtakiwa Athens, na akapigwa risasi tarehe 20 Mei 1947, siku ileile ya mwaka ambayo askari wa miamvuli walishuka Krete. Pamoja naye aliuawa Jenerali Bruno Bräuer, aliyewahi kuwa mkuu wa kisiwa.

Sasa nije kwenye neno la yule kijana, kwamba hiki kilikuwa kisasi. Kisasi katika Sharia kina mipaka yake, na Allah ameitaja katika Suratul Israa, aya ya 33: aliyeuawa kwa kudhulumiwa, mrithi wake amepewa mamlaka, “lakini asipite mpaka katika kuua.” Wafasiri wakauliza, kupita mpaka ni nini? Wakajibu kwa desturi ya zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu. Mwarabu mtukufu akiuawa, kabila lake lilikuwa halitosheki na damu ya muuaji. Waliona damu ya mtu wao ni nzito mno kulipwa kwa mtu mmoja, wakaua wawili au kumi, au wakamwacha muuaji na kumuua mtu wa kabila lake mwenye heshima zaidi. Ndiyo maana ya aya: asiuawe asiyeua, wala wasiuawe wengi kwa mmoja.

Ukiisoma tafsiri hiyo halafu ukasoma habari za mwaka 1941 kule Serbia, nywele zinasimama. Jenerali Franz Böhme aliweka kiwango kwa maandishi: raia 100 kwa kila Mjerumani aliyeuawa, na 50 kwa kila aliyejeruhiwa. Katika mji wa Kragujevac mwezi Oktoba waliuawa watu zaidi ya 2,700, wakiwemo wanafunzi na walimu wao. Kile walichokuwa nacho Waarabu wa Jahiliya kimerudi kikiwa na mhuri wa ofisi na hesabu zilizopangwa vizuri. Hiyo ndiyo nidhamu anayoisifu kijana wenu.

Na msingi wa hayo yote Qur'an imeurudia mahali pengi, katika Al-An'aam, Al-Israa, Faatir, Az-Zumar na An-Najm: mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mkulima wa Amari anayechuma zeituni hana mzigo wa mpiganaji aliyeko mlimani, hata kama ni binamu yake, hata kama jana alimpa mkate. Mtume (s.a.w.) alipomwona mwanamke ameuawa vitani alisema, “Huyu hakuwa wa kupigana,” akamtumia amiri wake Khalid bin Walid ujumbe asiue mwanamke wala kibarua. Kibarua, ndugu yangu, mtu aliye kazini kwake. Naye Abubakar (r.a.) alipomuaga amiri wake Yazid bin Abi Sufyan akienda Sham alimwusia asiue mwanamke, mtoto wala mzee dhaifu, asikate mti wenye matunda, wala asibomoe mahali panapokaliwa. Kuhusu miti wanazuoni wana maneno, wengine wameruhusu ikatwe kwa dharura ya vita wakitegemea kisa cha Bani Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina lililokatiwa mitende lilipozingirwa. Kuhusu kumuua mtoto kwa makusudi sijui mwanachuoni aliyefungua mlango.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya insafu, maana Allah ametuambia katika Al-Maaida kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kutofanya uadilifu. Sisemi haya dhidi ya Wajerumani kwa kuwa ni Wajerumani. Watawala wa Kiislamu nao wamebomoa miji na kuua wasio na hatia, na hukumu yao ni hiihii. Mpiga picha wa jeshi, Franz-Peter Weixler, alikuwepo Kondomari, akajaribu kuwazuia wenzake, akashindwa, akayapiga picha yale mauaji, na baadaye akakamatwa na kushtakiwa na serikali yake. Huyo naye alikuwa Mjerumani, amevaa sare ileile, na aliona haramu ni haramu.

Swali lako la pili ndilo zito, na nadhani ndilo lililokutuma kuandika. Askari anayetii.

Mtume (s.a.w.) alituma kikosi na kukiwekea amiri katika Ansari, akaamrisha atiiwe. Njiani amiri akakasirika, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani. Baadhi yao walikusudia kuingia. Wengine wakasema, sisi tulimkimbilia Mtume ili tuepuke moto. Wakabaki hivyo mpaka moto ukazimika na hasira za amiri zikatulia. Khabari ilipomfikia Mtume alisema kuwa lau wangeingia wasingetoka humo mpaka Siku ya Kiyama, kwani utiifu ni katika mema. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Tazama: hao waliamrishwa wajiunguze wenyewe, na bado utiifu haukuwa udhuru. Seuze aliyeamrishwa amuue mwingine?

Lakini kisa kinachogusa suala lako barabara ni cha Bani Jadhima, baada ya kufunguliwa Makka. Khalid bin Walid (r.a.) alitumwa kwao kuwalingania. Hawakujua kulitamka vizuri neno la kusilimu, yeye akafahamu vingine, akaua na kuteka, akampa kila askari mateka wake. Siku moja akaamuru kila mtu amuue mateka aliye naye. Abdullah bin Umar (r.a.), wakati huo bado kijana, akasema: “Wallahi simuui mateka wangu, wala hakuna katika wenzangu atakayemuua wa kwake.” Waliporudi na kumweleza Mtume, akainua mikono akasema mara mbili, “Ewe Mola, mimi najitenga Kwako na alilolifanya Khalid.” Bukhari ameipokea. Wanahistoria wanaongeza kuwa alimtuma Ali na mali kuwalipa fidia, damu na vyombo, hadi chombo cha kunyweshea mbwa.

Khalid ni sahaba, tunamtakia radhi, na wanazuoni wamesema alikosea katika ijtihadi, yaani katika juhudi yake ya kufikia hukumu, hivyo simweki pamoja na akina Müller, Allah aniepushe. Ninachokutaka ukione ni msimamo wa Ibn Umar. Hakuwa jenerali wala kadhi. Alikuwa askari wa kawaida chini ya amiri mashuhuri kuliko wote, akakataa amri moja, na Mtume hakumkemea hata kwa neno moja. Na hakutoroka jeshini, wala hakumpiga amiri wake. Hakuua tu, na akapeleka khabari kwa mwenye mamlaka ya juu.

Utaniuliza, na kama akilazimishwa, akiambiwa usipoua utauawa wewe? Wanazuoni wameafikiana kuwa hata hapo haijuzu kumuua asiye na hatia, kwa sababu roho yako haina thamani kuliko ya mwenzako. Walichotofautiana ni nani anayelipa damu. Abu Hanifa anaiweka kwa aliyelazimisha. Malik na Ahmad wanawabebesha wote wawili, na ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu wengi wa pwani. Kwa amri ya mtawala isiyo na kulazimishwa, Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, amefafanua: aliyeamrishwa akijua kuwa anayeuawa hana hatia, kisasi ni juu yake yeye, asipojua, ni juu ya aliyeamrisha. Ofisa anaweza kudanganywa kuwa mtu fulani ni jasusi. Lakini askari aliyepanga mstari wanakijiji wasio na silaha, akajua kuwa hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa, huyo hakudanganywa na mtu.

Mahakama za baada ya vita zilifika karibu na hapo. Mkataba wa London wa 1945, ulioanzisha mahakama ya Nuremberg, ulisema amri ya mkubwa haimwondolei mtu jukumu, ingawa inaweza kumpunguzia adhabu. Katika suala la kuua raia walioshikwa mateka ili kulipiza, majaji wa Nuremberg walisuasua. Februari 1948 walipowahukumu majenerali wa Kijerumani wa Balkani (Serbia, Ugiriki na jirani zao), akiwemo Wilhelm List, walisema kuwa kwa masharti mazito huenda kuua mateka kukaruhusiwa, ingawa waliwatia hatiani kwa sababu masharti yenyewe hayakufuatwa. Mwaka uliofuata mikataba ya Geneva ikapiga marufuku kabisa. List alifungwa maisha, akaachiwa mwaka 1952. Böhme alijiua gerezani kabla kesi haijaanza. Student alihukumiwa na Waingereza kwa mambo ya wafungwa wa vita, si kwa Kondomari, na hakukaa ndani muda mrefu. Hesabu za duniani ndivyo zilivyo, na huu si mwisho wa kesi zao.

Kwani Qur'an imekwisha kutunakilia utetezi wa siku hiyo. Katika Al-Ahzaab watasema: “Mola wetu! Sisi tuliwatii mabwana wetu na wakubwa wetu, nao wakatupoteza njia.” Hawakusamehewa kwa neno hilo. Na katika Al-Qasas Allah hakutaja makosa ya Firauni na Haamana peke yao, aliongeza “na majeshi yao.”

Ama kumsifu, Allah amesema katika Suratu Huud tusiwaelekee waliodhulumu, moto usije ukatugusa, na miongoni mwa maana za kuelekea ni kuziridhia kazi zao. Kusoma mbinu zake za vita kama elimu si haramu. Kubandika picha yake kwa fahari, huku watu wanajua alichokifanya Viannos, hakufai. Mwambie kijana kwa upole, yawezekana hakusoma zaidi ya zile nishani.

Mdogo wako mwache na kazi yake, ulinzi wa nchi ni jambo jema kwa mwenye nia njema. Sheria za majeshi yetu nazo humtaka askari atii amri iliyo halali, hivyo kiapo chake hakimfungi kwenye dhuluma. Msomee kisa cha Ibn Umar akija likizo, tena msomee kabla hajapelekwa popote, kwa sababu mtu hapati nafasi ya kuuliza masheikh akiwa bunduki iko mkononi na amri imeshatolewa.

Wallahu a'lam.