Shangazi, babu katuachia sarafu za dhahabu na kaka anataka tuuze leo leo

Barua ya leo imetoka kwa Mjukuu wa Pili, ni ndefu nimeifupisha ila maneno ni yake mwenyewe.

"Shangazi shikamoo. Babu yetu alifariki, na kwenye kopo lake la tumbaku tumekuta sarafu 5 za dhahabu zimefungwa kwenye kitambaa. Nne zina mtu juu ya farasi anaua joka, miaka ni 1900, 1911, 1913 na 1917, hiyo ya 1900 imechomelewa kikulabu cha kuvalia mkufu. Ya tano ni pana ila nyembamba sana, imeandikwa 1915, upande mmoja mzee mwenye ndevu za mashavuni, upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili. Kaka yangu kazipeleka kwa sonara, zile nne kazipima kwa pamoja zikaja gramu 32 na kitu, akasema dhahabu ya zamani huwa karati 18, akataja bei na akasema bei hiyo mwisho leo. Ile pana kasema ni pambo tu ila ataichukua kutusaidia. Nikakataa, nikazirudisha. Kaka ana deni linamkaba, anasema nazificha nizile peke yangu, wiki ya pili hatuongei. Nafikiria nizisugue na dawa ya meno zing'ae ndo tutafute mnunuzi mwingine. Alafu usiku silali Shangazi, naona kama namuuza babu."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nimesoma barua yako mara mbili na kitu cha kwanza nilichofanya ni kufurahi kwamba ulizirudisha nyumbani, maana hapo umeokoa pesa nyingi kuliko unavyodhani, ntakuonesha sasa hivi kwa hesabu.

Ila kabla ya hesabu, hiyo dawa ya meno weka mbali kabisa. Usisugue, usipige brashi, usifute hata na kitambaa cha kung'arishia. Dhahabu haioti kutu ila ni laini, na dawa ya meno ina chengachenga zinazokwaruza, unaweza usione chochote kwa macho ila mnunuzi akiweka lenzi anaona mistari imejaa usoni mwa mfalme na hapohapo hiyo sarafu kwa wakusanyaji imekufa, inabaki kuwa dhahabu ya kupima kwenye mizani. Mimi nilifanya hivo hivo na sarafu aliyoniachia baba, nikaisugua nikidhani naiheshimu, siku ya kuipeleka yule mzee mnunuzi akaigeuza mara moja tu kwenye mwanga akaniuliza kwa upole, mama nani aliiosha hii? Mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Uchafu wa miaka mia uache ulivyo, shika sarafu kwa ukingoni, kila moja iweke kwenye kibahasha chake cha karatasi zisigongane.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe. Kwa maelezo yako hizo nne ni pauni za dhahabu za Uingereza, wenyewe wanaziita sovereign, ile ya mtu na farasi ni Mtakatifu George, mchoro wa Benedetto Pistrucci uliotumika tangu 1817. Na pauni hizi si karati 18 mwanangu, ni karati 22, zote, haijalishi mwaka, yaani katika sehemu 24 dhahabu ni 22. Kila moja ina uzito wa gramu 7.98 na ndani yake dhahabu tupu ni gramu 7.32. Zidisha mara nne unapata gramu 29 na ushee. Sasa yule sonara kachukua gramu 32 akazihesabu kwa karati 18, hiyo ni robo tatu, maana yake anakulipa dhahabu ya gramu 24. Gramu 5 zimepotelea wapi? Zimebaki kwake, na gramu 5 hapo ni zaidi ya nusu ya pauni nzima, kabla hata hajaanza kukata faida yake ya kawaida ambayo kila mnunuzi anakata na ni haki yake kuikata.

Na ile pana ndo imenifanya nikasirike kweli. Mzee mwenye ndevu za mashavuni, tai wa vichwa viwili, 1915, nyembamba mpaka inataka kupinda mkononi, hiyo kwa maelezo inafanana kabisa na sarafu ya dhahabu ya Austria inayoitwa dukati nne (ni sarafu moja, nne ni jina la thamani yake), yule ni mfalme Franz Joseph. Ikiwa ndiyo, upana wake unakaribia milimita 40, unene haufiki hata milimita moja, uzito ni gramu 13.96 na dhahabu yake ni 986 kwa elfu, yaani karibu tupu. Ndo maana inalainika. Hiyo sarafu peke yake ina dhahabu karibu sawa na pauni mbili! Na mtu kaiita pambo, alafu hapohapo kajitolea kuichukua. Mtu mwenye duka akikubali kukusaidia kubeba kitu kisicho na thamani, jiulize anakipeleka wapi.

Ila nikwambie ukweli wote usije ukapanda matumaini kupita kiasi. Hiyo 1915 haimaanishi ilitengenezwa 1915. Kiwanda cha sarafu cha Vienna kiliendelea kuzipiga miaka na miaka baadae kwa tarehe ileile, kwa hiyo ziko nyingi duniani na inauzwa kwa thamani ya dhahabu yake na kidogo juu, si kwa uadimu. Na hapa ndo watu wengi wanajikwaa, nadhani hata kaka yako, wanaona habari kwamba sarafu moja ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933 iliuzwa mnadani 2021 kwa dola milioni 18.9 wanasema ehe, na zetu ni za zamani zaidi! Ile bei haikuletwa na uzee. Zilipigwa laki nne na ushee mwaka ule, serikali ikazuia zisitoke na karibu zote zikayeyushwa, zikabaki za kuhesabu kwa vidole. Bei inatokana na wangapi wanaitaka na ngapi zimebaki, na imebaki katika hali gani. Za kwako za 1911 na 1913, kama zilipigwa London, zilitoka makumi ya mamilioni, ni dhahabu nzuri ya kuaminika, ila adimu hapana. Ya 1900 ile kichomeleo kimeshaiharibu kwa wakusanyaji, itauzwa kwa dhahabu, na tafadhali msijaribu kukibandua hicho kikulabu nyumbani mtaongeza jeraha.

Inabaki ya 1917 na hii ntakaa nayo kidogo. Usiku ukitulia washa taa yenye mwanga mkali, chukua lenzi au kamera ya simu ivute karibu, angalia chini ya kwato za farasi kuna kimstari cha ardhi, juu kidogo ya namba za mwaka, katikati pale tafuta kiherufi kidogo sana. Ukikuta S imepigwa Sydney, M ni Melbourne, P ni Perth, C ni Ottawa kule Kanada. Ikiwa na mojawapo basi ni pauni kama ndugu zake, pengine inazidi kidogo. Ikiwa haina herufi yoyote maana yake inadai kuwa ya London, na ya London ya 1917 ni adimu kweli na bei yake iko mbali na hizo nyingine. Lakini usiruke kwa furaha, maana kwa sababu hiyohiyo mafundi wa feki waliipenda mno 1917, na feki zao nyingi ni za dhahabu halisi kabisa, kwa hiyo hata mashine ikisema dhahabu ni kweli bado sarafu inaweza kuwa bandia. Hiyo moja tu, kama haina herufi, ndo inastahili kupelekwa kwa mtaalamu wa sarafu, siyo sonara, mtu ambaye kazi yake ni sarafu, na akiona inafaa mnaweza kufikiria kuituma kwa wakaguzi kama PCGS au NGC wanaoipa alama kati ya 1 na 70 na kuifungia kwenye kasha la plastiki. Kwa zile nyingine gharama hiyo haina maana.

Kupima nyumbani inawezekana, tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka pointi mbili. Pauni isome kama 7.98, iliyotumika sana inaweza kushuka kidogo ikawa 7.95 hivi, upana milimita 22, unene kama 1.5. Angalia vyote vitatu kwa pamoja, kwa sababu dhahabu ni nzito kuliko karibu kila metali ambayo tapeli anaweza kuimudu, kwa hiyo akitaka uzito uwe sawa itabidi sarafu iwe nene au pana zaidi, na akitaka ukubwa uwe sawa itakuwa nyepesi. Sumaku jaribu ukipenda ila usiiamini sana, ikinasa ujue ni feki, isiponasa haijathibitisha kitu maana hata shaba hainasi. Na mtu akitaka kuikwangua kwenye jiwe la kupimia na kuweka asidi mkatalie, mwambie akaipime kwa mashine ya eksirei isiyokwaruza, wanunuzi wengi wakubwa wanayo.

Kuuza sasa. Bei ya dhahabu duniani inatajwa kwa wakia na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo asubuhi ya siku ya kwenda angalia bei kwenye simu, gawanya kwa 31.1 unapata bei ya gramu moja ya dhahabu tupu, zidisha kwa 7.32 kwa kila pauni na kwa 13.77 kwa ile dukati, andika kwenye karatasi uende nayo. Hiyo siyo bei utakayolipwa, ni kipimo cha kujua umbali. Nenda kwa wanunuzi watatu na angalau wawili wawe wa sarafu, maana sonara anawaza kuyeyusha ila mfanyabiashara wa sarafu anawaza atamuuzia nani ikiwa nzima, ndo maana mara nyingi anasogea juu zaidi. Sarafu zipimwe moja moja mbele ya macho yenu, zisipelekwe chumba cha nyuma, zisilale kwa mtu bila risiti yenye mwaka na uzito wa kila moja. Swali lako kwa kila mmoja liwe lilelile, unanilipa asilimia ngapi ya bei ya dhahabu ya leo? Mwenye nia njema anajibu hapohapo.

Mnada unafaa kwa ile 1917 tu kama itathibitika, na kabla ya kusaini uliza kamisheni ya muuzaji ni ngapi, picha na bima nani analipa, ikikosa mnunuzi mnadaiwa nini, na wekeni bei ya chini ambayo haitavukwa. Kuziuza mtandaoni kwa watu msiowajua sishauri kwa sasa, mnaomboleza na mmegombana, ni wakati mbaya wa kupambana na matapeli. Mkiamua hata hivo mkutane ndani ya benki na muhesabu pesa iliyoingia kwenye akaunti, siyo picha ya muamala. Na ulizeni pia sheria ya nchi yenu kuhusu mirathi, kodi na vitu vya kale, kila nchi ina yake, na kama kuna warithi wengine wajue na waweke saini.

Kuhusu kaka yako. Mwanangu, deni linamfanya mtu asikie kila swali kama tusi. Uliporudisha sarafu bila kumwambia sababu aliona umemnyang'anya pumzi. Mwite, usimtumie ujumbe, mwite mkae mezani na hilo kopo katikati, mpeni yeye mizani apime yeye mwenyewe, wewe uandike. Akiona kwa macho yake zile gramu 5 hasira itapata mwenyewe halali. Na mwambie bei ya dhahabu inapanda na kushuka kidogo kila siku lakini hakuna bei inayokufa jua likizama, ile "mwisho leo" ilikuwa ya kumkimbiza tu. Wiki moja ya kuuliza haitamuua na deni lake, na kama linadai kesho uzeni pauni moja ya 1911 kwa bei ya haki mlipe kiasi, zilizobaki zisubiri. Hamlazimiki kuziuza zote kwa mkupuo.

Na huko kutolala. Babu yako hakuzitia kwenye fremu ukutani, alizifunga kitambaa akaziweka kwenye kopo la tumbaku, vile watu wa rika lake walivyoweka akiba ya siku ngumu. Siku ngumu imefika kwa mjukuu wake. Mimi ningeuza ya 1911, ya 1913, ile ya 1917 kama ina herufi, na dukati, nikaacha ile ya 1900 yenye kikulabu ambayo sokoni haina la ziada lakini kuna mtu wa kwenu aliivaa shingoni, waulize wazee ni nani kabla hawajasahau.

Ukishaangalia chini ya kwato niandikie umekuta herufi gani.