Mothman hakuangusha daraja la Point Pleasant

Je, ni Mothman, zimwi lenye mabawa linalosimuliwa Marekani, aliyeangusha daraja la Point Pleasant? Hapana, ndugu. Silver Bridge, lililoanguka tarehe 15 Desemba 1967 na kuua watu 46, halikuangushwa na Mothman, ingawa jumba la makumbusho la zimwi hilo katika mji mdogo wa Point Pleasant, West Virginia, nchini Marekani, huwafanya wageni wengi kuviunganisha visa hivyo viwili. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi katika kiungo kimoja cha minyororo ya chuma iliyobeba daraja hilo la mwaka 1928, na kiungo hicho kilipokatika, daraja zima lilitumbukia mtoni Ohio. Mashahidi wa Novemba 1966 walisema tu kwamba waliona kiumbe chenye mabawa na macho mekundu karibu na maghala ya zamani ya baruti. Mgeni akifika kwenye jumba hilo la makumbusho, maelezo yao yaliyoandikwa kwa mkono yanastahili muda wake kuliko sanamu inayopigwa picha na kila mtu; sisi wa Lubumbashi, Mamba Muntu wetu, nguva wa hadithi, tumemwachia wachoraji peke yao.