Sh. 720,720 za Kibirizi

*Mwalimu, tukishatoa mafuta na ushuru wa dagaa, daftari lilibaki na sh. 720,720. Tulikuwa watu 13, kila mmoja akachukua 55,440, hakikubaki kitu. Kwa utani tukagawa kwa 11, kisha kwa 7: navyo havibakishi. Ni bahati? (Mvuvi, Kibirizi)*

Bahati ni hiyo shilingi 20 ya mwisho, maana siku hizi sijui mmeitoa wapi. Mengine ni hesabu. Tazama namba inavyojirudia: 720, halafu 720 tena. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Jaribu tarakimu tatu za mwisho za simu yako. Kama ni 943, andika 943,943. Gawa kwa 7, jibu ligawe kwa 11, jibu tena kwa 13. Umerudi kwenye 943.

Yenu ina utamu zaidi kwa sababu 720 nayo ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6. Ukiichambua yote unapata 16 × 9 × 5 × 7 × 11 × 13, na hiyo ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja yao bila baki. Mngekuwa wawili au kumi na sita, msingegombania baki.

*Na tukiwa 17? (Huyo huyo)*

Mtagombana. Kila mtu 42,395, zinabaki shilingi 5. Cha kuchekesha, mkiwa 18 mambo yanatulia tena: 40,040 kila mmoja. 18 ni 2 × 9, na zote zimo tayari. 17 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na haimo.

*Ina vigawo vingapi? Nimehesabu nikachoka. (Mwanafunzi, Kasulu)*

240. Usihesabu kimoja kimoja, mwanangu. Ndani yake mbili ziko nne, tatu ziko mbili, na 5, 7, 11 na 13 ziko moja moja. Ukitengeneza kigawo, unaweza kuchukua mbili sifuri hadi nne: njia 5. Tatu: njia 3. Kila moja ya zile nne: unaichukua au unaiacha. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2.

*Ni kipeo cha pili cha namba nzima? (Uvinza)*

Hapana. 5, 7, 11 na 13 hazina wenzake. Zidisha kwa 5,005 upate 3,607,203,600, yaani 60,060 × 60,060.

*720,719 haigawanyiki kwa 2 wala chochote hadi 16. Basi ni tasa? (Ujiji)*

Kweli haigawanyiki, kwa kuwa imepungua moja tu kwenye namba inayogawanyika kwa zote hizo. Lakini kuitangaza tasa ulipaswa kupima kila tasa hadi karibu na 849, kipeuo chake cha pili. Umeishia njiani, ndugu yangu. Ungejaribu tano tu zaidi, 17, 19, 23, 29 na 31, ungeinasa: 31 × 23,249.