Kilo kwa Kilo, Shilingi kwa Shilingi

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa sekondari amepewa swali hili: muuza nafaka amechanganya mchele wa shilingi 3,200 kwa kilo na mwingine wa shilingi 2,400, akapata kilo 50 ambazo akiziuza kwa shilingi 2,720 kila kilo hapati faida wala hasara. Alitumia kilo ngapi za kila aina? Binti ameandika x + y = 50 na 3,200x + 2,400y = 2,720, lakini x inamtokea kuwa -146.6. Amekosea wapi?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Ndugu Mzazi, mlinganyo wa kwanza ni sahihi, kosa liko upande wa kulia wa ule wa pili. Kwa kuwa x ni idadi ya kilo, 3,200x ni gharama ya mchele wote wa bei ya juu, na 2,400y ni gharama ya wote wa bei ya chini, hivyo jumla yake haiwezi kulingana na 2,720, ambayo ni bei ya kilo moja tu. Panapaswa kuwa na thamani ya mchanganyiko mzima, yaani 50 mara 2,720, ambayo ni shilingi 136,000.

Nashuku kwamba aliiandika x akiwa na maana ya "mchele ghali", bila kujiuliza kama ni kilo zake au fedha zake. Aanze kwa kuandika kwa maneno: "x ni idadi ya kilo za mchele wa shilingi 3,200."

Kutatua kwenyewe ni kwepesi. Azidishe mlinganyo wa kwanza kwa 2,400, apate 2,400x + 2,400y = 120,000, kisha autoe katika ule wa pili; y itaondoka na kubaki 800x = 16,000, kwa hiyo x ni 20 na y ni 30.

Kutoa huko si ujanja mtupu. Kilo zote 50 zingekuwa za bei ya chini, zingegharimu 120,000. Shilingi 16,000 zilizozidi zimeletwa na mchele ghali, ambao kila kilo yake huongeza 800. Ndivyo linavyotatuliwa pia swali la kale la Wachina kuhusu ndege na sungura wenye vichwa 35 na miguu 94: wote wakidhaniwa kuwa ndege, miguu ni 70, na ile 24 inayozidi inaonyesha kuwa sungura ni 12.

Ahakiki jibu katika milinganyo yote miwili, maana hata 10 na 40 zinaukubali ule wa kwanza. Tena, kwa kuwa 2,720 iko karibu zaidi na 2,400 kuliko 3,200, angeweza kujua kabla ya kukokotoa kwamba mchele wa bei ya chini ndio mwingi.