Uliza mwili kabla hujajibu: chakra kama vituo vya kusikiliza

Wengi wanaoniuliza kuhusu chakra, vile vituo vya nguvu ambavyo yoga hufundisha viko mwilini, huwa wameshakata tamaa. Wameona ile picha ya mtu aliyekaa mkao wa kutafakari, duara saba za rangi zimepangwa toka mwisho wa uti wa mgongo hadi utosini. Wakafumba macho kuzitafuta rangi hizo, wasione kitu. Wengine wameambiwa chakra fulani “imeziba”, na sasa wanatembea na wasiwasi kama waliopewa majibu mabaya ya vipimo. Ninachowaambia ni hiki: acheni kutafuta taa. Zichukueni chakra kama vituo saba vya kusimama na kuuuliza mwili una habari gani. Ndivyo ninavyozitumia mimi, hasa ninapokuwa na uamuzi ambao kichwa kimeuzungusha mpaka kimechoka.

Inasaidia kujua zimetoka wapi. Chakra ni urithi wa India, wa mapokeo ya tantra na yoga, na mapokeo hayo hayakuwa na hesabu moja. Wapo waliofundisha tano, wapo waliofundisha sita, wengine zaidi. Mpangilio tuliouzoea, vituo sita na cha saba utosini, ulienea sana kupitia maandishi ya Kisanskriti ya Purnananda, mwalimu wa tantra, ya mwaka 1577, ambayo John Woodroffe, jaji Mwingereza aliyekuwa India, aliyatafsiri kwa Kiingereza na kuyachapisha mwaka 1919. Humo kila kituo ni kama ua, kina idadi yake ya petali, sauti yake ya kutamkwa na miungu wake. Zile rangi za upinde wa mvua, nyekundu chini na zambarau juu, zilikuja baadaye sana, katika nchi za Magharibi karne ya 20. Kwa hiyo usipoona zambarau hujapungukiwa na chochote. Na mimi nijue mipaka yangu: ninachofanya ni kipande kidogo cha mapokeo makubwa, na wanaoyafuata kama ibada wanastahili heshima yao.

Upande wa mwili wenyewe, yapo mambo yanayotia moyo. Neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu, hushuka toka kwenye ubongo ikipita shingoni na kifuani hadi tumboni, na takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka kwenye viungo kwenda juu. Kwenye neva hiyo ubongo unasikiliza kuliko unavyoamuru. Kisha kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Lauri Nummenmaa na wenzake wa Ufini: watu 701, wakiwamo wa Uswidi na Taiwan, walipaka rangi kwenye mchoro wa mwili pale wanapohisi hasira, woga, huzuni, upendo. Michoro ilifanana sana. Hasira ilipanda kifuani na mikononi, huzuni ikaacha mikono na miguu haina nguvu, furaha ikaujaza mwili mzima. Hilo halithibitishi chakra, na sipendi watu wanavyolitumia hivyo. Linaonyesha tu kwamba hisia zina makazi, na makazi hayo mtu anaweza kujifunza kuyatembelea.

Anza chini. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, na uweke akili penye kifandugu, kituo kinachoitwa Muladhara. Sikia uzito wa makalio kwenye kiti. Swali la hapa ni moja: niko salama sasa hivi, humu nilimo? Hata uwe na haraka namna gani, hapa haparukwi. Mwili ulioshtuka hujibu kila swali kwa neno moja, kimbia, na ukiupandia juu na maswali yako utarudi na jibu hilohilo limevaa nguo tofauti. Vuta pumzi taratibu, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mpaka makalio na mapaja yaachie. Juu kidogo, chini ya kitovu, ni Svadhisthana, makazi ya hamu na raha. Hapo nauliza ninataka nini, kabla sijaanza kuuliza ninapaswa kufanya nini.

Ukifika kituoni usikimbilie maana. Tafuta kwanza kinachoshikika. Pana joto au baridi? Pamekaza au pamelegea? Kinachohisika kinatulia au kinasogea? Kisha kijaribishie neno. Eugene Gendlin, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Chicago, alijenga njia nzima ya tiba juu ya hatua hii: unakaa na hisia ambayo bado haina jina, unaipa neno, unarudi kwenye mwili kuuliza kama neno limekaa. Likikaa utajua, pumzi hushuka yenyewe.

Mtu wa karibu yangu sana aliwahi kuniomba niwe mdhamini wa mkopo wake. Nilimwomba anivumilie hadi kesho yake, na usiku nikakaa na lile jambo. Kifuani, penye Anahata, kulikuwa na joto tele. Mtu yule nampenda, hilo halina mjadala. Chembe cha moyo, penye Manipura, palikuwa na kitu kigumu, upana wa ngumi, kinachovuta kuelekea mgongoni kila nilipowaza kalamu inagusa karatasi. Vituo viwili, majibu mawili. Kishawishi cha hapo ni kuchagua jibu moja na kuliita sauti ya ndani. Mimi nilibaki na ule ugumu nikauuliza unaogopa nini, nikitaja moja baada ya jingine. Asipolipa? Haukutikisika. Nikikataa, watu watasemaje? Haukutikisika. Kwamba sijaambiwa anadaiwa jumla ya kiasi gani? Hapo ukaachia, na pumzi ndefu ikanitoka bila kukusudia.

Asubuhi nikamuuliza. Kulikuwa na deni jingine ambalo aibu ilimzuia kulitaja. Sikutia saini. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja, nikampa kiasi nilichoweza kukitoa bila kungoja kirudi, na upendo wetu uko palepale. Kifua kilisema kweli kuhusu mtu, tumbo likasema kweli kuhusu karatasi. Na angalia: mwili haukuniambia kuna deni la pili. Uliniambia kuna swali nimelimeza. Mara nyingi uongozi wa ndani huishia hapo, kwenye swali, na kazi ya kwenda kuuliza inabaki kuwa ya miguu na mdomo wako.

Kama una nafasi ya kukijua kituo kimoja tu, kijue koo, Vishuddha. Sababu ni kwamba koo hufanya kazi mbele ya macho yako siku nzima. Umepokea ujumbe, mtu anakuomba jambo. Kidole gumba kimeshaanza kuandika “sawa, hakuna shida”, na wakati huohuo unameza mate yasiyokuwapo, ulimi umegandamia juu kwenye kaakaa, shingo imekaza upande mmoja. Simama hapohapo. Futa ulichoandika, andika “nitakujibu jioni”, kisha uliza koo: ni sentensi gani ambayo siisemi? Ukiwa peke yako itamke kwa sauti ya chini, hata kama hutamwambia mtu yeyote. “Sina nguvu ya kufanya hili.” “Nilitaka uniombe mapema.” “Ninaogopa utanikasirikia.” Utasikia mwenyewe ni ipi ya kweli, kwa sababu moja kati ya hizo itaifungua sauti na nyingine zitatoka kavu. Donge kooni nalo lina aina mbili. Kuna la kilio kilichozuiwa, ambalo hulainika ukinyamaza nalo, na kuna la maneno yaliyozuiwa, ambalo halitoki mpaka useme.

Ajna, kati ya nyusi, inasifiwa kupita vituo vyote, na katika mambo ya kuamua naona inasifiwa kupita kiasi. Huko karibu na kichwa ni rahisi sana wazo la kawaida kujipa cheo cha ufunuo. Mimi hapo nalegeza paji la uso na taya, natazama yote yaliyosemwa na vituo vya chini yakiwa pamoja. Utosini, Sahasrara, siulizi kitu. Nakaa tu.

Swali ninalolipata kuliko yote ni jinsi ya kutofautisha woga na hapana ya kweli. Woga una haraka. Hupanda juu, hubana pumzi, na huja na hadithi ndefu ya yatakayotokea. Hapana ya kweli ni fupi. Ukilala ukiamka iko palepale, tena haina haja ya kujieleza. Hata hivyo siyapi machale imani ya bure. Yakinicheza kuhusu mtu nisiyemjua, najiuliza ananikumbusha nani, maana mwili unaotunza hekima ndio huohuo unaotunza majeraha ya zamani na dharau tulizofundishwa utotoni. Na usiuulize mwili kitu kizito ukiwa na njaa au usingizi. Utakujibu kuhusu njaa na usingizi.

Yapo mambo ambayo si ya kutafakari nayo. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kitu kooni kisichoondoka, tumbo linalouma wiki baada ya wiki: hayo ni ya daktari, na kuyaita chakra iliyoziba kunaweza kumgharimu mtu uhai. Kama umepitia ukatili au msiba mkubwa na kufumba macho kunakurudisha kule, fungua macho, tazama kitu kimoja kilicho mbele yako, gusa kiti ulichokalia, na uache. Si lazima umalize. Kazi hiyo ifanye ukiwa na mshauri nasaha aliyeizoea. Mazoezi ya kubana pumzi kwa nguvu ili “kuamsha Kundalini”, nguvu ambayo mapokeo husema imelala chini ya uti wa mgongo, nayo usiyafanye peke yako kwa kufuata video.

Weka daftari. Andika papo hapo mahali, ulichohisi, swali uliloliuliza na hatua uliyochukua, kisha acha nafasi tupu ya matokeo, uje uijaze mambo yakishajulikana. Nafasi hiyo ndiyo inayokufundisha, kwa sababu kumbukumbu hupenda kutunza zile mara tulizopatia. Ukurasa kwa ukurasa utaanza kuona ni wapi mwili wako hutangulia kuzungumza. Kwangu mambo ya fedha husikika chembe cha moyo, ya watu husikika kooni. Ya kwako yanaweza kusikika mabegani au viganjani, mahali ambapo ile picha ya duara saba haipaoneshi. Paandike hivyohivyo.